Refa kakiri kosa, kitabu kimegoma

Nimepotea kidogo, si mnajua tena, testi zimefuatana kama daladala za asubuhi. Leo naomba niteme nyongo kuhusu besiboli. Najua kuna watakaosema "huyu naye kaanza Umarekani wake", lakini mchezo huu nimeujulia sekondari, Bongo hii hii, tulipoletewa na Wajapani. Kwa hiyo mnivumilie.

Juzi bando la usiku lilikuwa linakaribia kuisha, nikalimalizia kwa kuangalia tena mechi ya Detroit Tigers na Cleveland Indians ya tarehe 2 Juni 2010. Mwaka huo nilikuwa darasa la kwanza, besiboli sijui hata ni mdudu gani. Ila kila nikiiona ile video napata hasira mpya kabisa.

Kwa wasioujua mchezo: kuna ngwe tisa, na kila ngwe unatakiwa kuwatoa wapigaji watatu wa upinzani. Jumla 27. Mrushaji akiwatoa wote 27 mfululizo, asifike hata mmoja kituo cha kwanza, hiyo inaitwa mechi kamilifu. Ligi kubwa ya Marekani ina zaidi ya mechi 200,000 tangu karne ya 19, na hadi mwisho wa 2025 mechi kamilifu zilikuwa 24 tu. Ishirini na nne!

Siku hiyo Armando Galarraga, jamaa wa Venezuela ambaye wala hakuwa staa wa kutisha, alishawatoa 26. Kabaki mmoja. Jason Donald akapiga, mpira ukaviringika upande wa kulia, Miguel Cabrera akauokota na kumrushia Galarraga aliyekuwa amekimbilia kituo cha kwanza. Mpira mkononi, mguu kwenye kituo, Donald bado yuko njiani. Kwisha habari!

Refa Jim Joyce akapanua mikono: yuko salama.

Jamani! Uwanja mzima ukapigwa butwaa. Galarraga alitabasamu tu, akarudi kurusha, akamtoa mpigaji aliyefuata, Tigers wakashinda 3-0. Mimi lile tabasamu ndilo linalonimaliza.

Sasa, Joyce hakuwa refa wa kubabaisha. Alipoona marudio baada ya mechi alikiri kosa mbele ya waandishi, akamwomba Galarraga radhi huku analia. Kesho yake Galarraga ndiye aliyetumwa kumpelekea karatasi ya majina ya wachezaji kabla ya mechi, refa machozi yakamtoka tena uwanjani. Watu wengi hadithi wanaimalizia hapo. Hata rumeti wangu kaniambia, "Mwenye haki kasamehe, wewe wa Bongo unalia nini?"

Nalia kwa sababu kusameheana ni kwa wale wawili, na kitabu ni kitu kingine. Kamishna wa ligi wakati ule, Bud Selig, alikataa kuubadili uamuzi, na mpaka sasa rekodi inasema Donald alifika salama. Wanaotetea wanasema ukibadili moja, kila timu itakuja na madai yake. Hapana bwana. Makosa mengi ya marefa hayarekebishiki kwa sababu hujui nini kingefuata. Hapa tunajua kila kitu. Yule alikuwa wa 27, mechi ilikuwa imeisha, na mshindi ni yule yule. Hakuna wa kunyang'anywa chochote.

Sisi wa ualimu tulitazame kwa jicho letu. Mwalimu kajumlisha vibaya, kampa mtoto 58 badala ya 85. Kaonyeshwa, kakiri, kamwambia "pole sana mwanangu", hata machozi kayatoa. Halafu 58 anaiacha kwenye ripoti kwa kuwa matokeo yameshabandikwa. Utamwita muungwana? Mtoto akiomba nafasi kidato cha tano, atapeleka machozi ya mwalimu au ile ripoti?

Mwaka 2014 ligi ilipanua matumizi ya video, kwa hiyo leo uamuzi kama ule ungefutwa ndani ya dakika chache. Mwaka 2022 wanafunzi wa Monmouth University kule New Jersey, wanachuo kama sisi, waliandika hoja ndefu kuiomba ligi imtambue Galarraga. Nawapa tano. Kitabu bado kimegoma.

Kwa hiyo msiniambie "refa naye ni binadamu". Najua, na ubinadamu wake aliuonyesha siku ile ile. Ninaowadai mimi ni wale wenye kitabu, ambao wameiona video kama mimi na wana kalamu mkononi.

Haya, asaimenti ya saikolojia ya elimu inaningoja na kesho ndiyo mwisho wa kukusanya. Anayeona nimeongea pumba anifuate kantini, chai juu yake.