Jirani Niliyemdhania Vibaya



Leo nataka kukusimulia habari ya safari, na ndani ya safari hiyo limo kosa langu mwenyewe, mtu ambaye kwa miaka zaidi ya arubaini kazi yangu ni kuwafundisha watoto wa wenzangu lipi jema na lipi ovu. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, ijapokuwa mimi sikumfanyia mwenzangu insafu hiyo.

Mwezi wa Mei mwaka 2022, baada ya Idi, nilikwenda Marekani kumzuru binti yangu aliyeolewa huko, katika mji wa Houston, jimbo la Texas. Tangu mamake alipofariki tulikuwa hatujaonana, na simu, hata iwe na picha, haikupi mkono wa kushika. Yeye ni muuguzi na mumewe ni dereva wa malori, watu wa kazi za mchana na usiku. Lakini kwa ajili yangu waliomba likizo ya siku chache, wakakodi lile gari ambalo Wamarekani hutembea nalo na kulala ndani yake. Mimi naliita gari-nyumba. Mna vitanda, jiko la gesi, friji, choo na mahali pa kuoga, vyote vimebanwa kama vitu vya bi harusi katika sanduku. Tukaelekea magharibi zaidi ya kilomita 400, mpaka kwenye vilima vya mawe ya chokaa ulipo mji wa Kerrville, kando ya mto Guadalupe.

Jina hilo lilinifurahisha kabla sijauona mto wenyewe. Wahispania walilichukua kwao wakalileta huko, na wataalamu wa lugha husema kwamba ule mwanzo wake, "Guad", ni neno la Kiarabu wadi, lililobakia Hispania tangu zama za Waislamu, kama lilivyobakia katika Guadalquivir, ambalo asili yake ni al-wadi al-kabir. Nikawaambia wajukuu zangu: mwaona, hata huku tumetangulia. Ndivyo kiburi kinavyoanza, msomaji, kwa jambo dogo la kufurahisha.

Mahali tulipofikia palikuwa padogo, viwanja kama thelathini tu vya kuegesha magari-nyumba, chini ya miti ya pekani na ile mirefu ya saipresi inayoota ukingoni kabisa, mizizi yake majini. Kila kiwanja kina sakafu ya kokoto, meza ya saruji, duara la chuma la kuwashia moto, na nguzo fupi yenye umeme na bomba la maji. Kuna bafu za maji moto, safi kuliko za hoteli nyingi nilizolala; kuna mashine za kufulia za kutia sarafu, bwawa dogo la kuogelea, na banda la watu wote lenye rafu ya vitabu, ukichukua kimoja unaacha kimoja. Hapana mlinzi wala lango. Ikifika saa nne ya usiku hapana mtu anayepiga kelele, na sikumsikia yeyote akikumbushwa. Nilivikumbuka vyoo vya misikiti yetu kadhaa, nikanyamaza.

Kilichonifunza zaidi ni matangi ya gari lenyewe. Yako chini ya sakafu, moja la maji safi, moja la maji ya jikoni na ya kuogea, na moja la choo, na ukutani mna taa ndogo ndogo zinazoonyesha kila tangi limefikia wapi. Udhu wangu wa siku moja ulipandisha taa moja nzima! Mkwe wangu hakusema neno, lakini nilimwona akiitazama. Basi nikaanza kutawadha kwa maji ya kibaba kimoja, kama tulivyosomeshwa chuoni kwamba maji ya udhu hayafujwi hata ukiwa kando ya mto unaopita. Miaka yote hiyo nimelisomesha jambo hilo huku bomba la msikitini likinimwagikia mikononi. Umeme nao una kipimo chake, ampea 30. Siku ya kwanza binti yangu aliwasha kiyoyozi, birika la umeme na maikrowevu kwa pamoja, na vyote vikazimika kwa mpigo, tukabaki tunacheka gizani. Ulikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka.

Kiwanja chetu kilikuwa cha chini kabisa, hatua chache kutoka majini. Mimi ndiye niliyekitaka. Mwaka ule ulikuwa wa ukame katika sehemu zile, na mto ulikuwa mdogo, maji ya kijani yanapita polepole juu ya mawe, ungeweza kuvuka kwa kuinua kanzu. Nyuma yetu, juu kidogo, palikuwa na gari-nyumba kuukuu la mzee mmoja wa Kizungu, umri wake kama wangu au zaidi, ambaye hakuwa mpita njia kama sisi. Alikuwa anaishi pale. Tulipofika alitutazama kwa muda mrefu, akaitazama kofia yangu na hijabu ya binti yangu, wala hakuinua mkono. Jambo hilo nikaliweka moyoni.

Siku ya pili, jua la huko halizami katika mwezi wa Mei mpaka saa mbili ya usiku ipite, nilitandika mswala pale ukingoni nikasalisha Magharibi, nikaunganisha na Isha kwa kasri, kwani tulikuwa wasafiri wa kukaa siku tatu. Kibla cha kule ni kaskazini-mashariki, nami mtu wa Malindi niliyezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja nilihisi kama nimesimama upande. Nilipotoa salamu nilimwona yule mzee amesimama mlangoni pake, anatutazama. Haikupita robo saa akaja kutugongea.

Alizungumza na mkwe wangu. Alinyoosha kidole upande wa magharibi, ambako mbali sana umeme wa radi ulikuwa ukimeta bila ya sauti. Akasema: mvua si lazima inyeshe hapa. Hii ardhi ni mawe, haiyanywi maji. Ikinyesha huko juu, mto unakuja hapa usiku umelala. Mna watoto. Pandeni juu kwa usiku wa leo. Nimekwisha kusema na mama wa ofisini, kiko kiwanja kitupu nyuma ya nyumba ya kufulia.

Mkwe wangu alimshukuru, akaanza kukunja waya na mpira wa maji. Mimi nilikaa ndani nimenuna. Nilijiambia: huyu ameona swala, moyo wake umebanwa, anataka mbele ya mlango wake paondoke kanzu na hijabu, naye ana adabu ya kutosha kutafuta kisingizio. Tukahamia nyuma ya mashine za kufulia, ambako unasikia nguo zikizunguka wala huoni mto. Usiku ule halikuanguka hata tone. Alfajiri niliteremka makusudi kuutazama mto. Ulikuwa vile vile, kuku angeuvuka.

Asubuhi mzee akaja tena, amechukua glavu za mpira, akamwonyesha mkwe wangu namna ya kumwaga matangi: kwanza la choo, kisha la jikoni, ili maji ya sabuni yausafishe mpira. Huku wakifanya kazi hiyo isiyopendeza akamhadithia habari ya tarehe 17 Julai 1987, mafuriko ya mto huo huo karibu na mji wa Comfort, vijana wa kambi moja ya kanisa walipokuwa wakiondolewa kwa basi, maji yakawakuta njiani, wakafa 10. Mimi nilisikia yote, nikasema moyoni kwamba mtu akitaka kukuondoa hakosi hadithi. Alipomaliza alinipa mimi kifuko cha pekani alizookota mwenyewe. Nilikipokea kwa ncha za vidole. Tulipoondoka nilikiacha mezani.

Njiani binti yangu aliniambia, "Baba, yule mzee alituhurumia." Nikamjibu, "Umekaa nao mno, mwanangu, huwajui tena." Alinyamaza, na ukimya ule tulirudi nao mpaka Houston, na nadhani nilipanda nao ndege.

Laiti ningaliishia hapo. Niliporudi Malindi nilikuwa na kisa cha kusimulia, na mwalimu akipata kisa hakiachi. Nikawasimulia wanafunzi wangu wa madrasa, nikawasimulia watu wazima katika darsa baada ya Alasiri. Mara ya kwanza nilisema mzee alituomba tuhame. Mara ya pili alituamuru. Kufika mwaka 2024 alikuwa ametufukuza mtoni kwa sababu ya swala, na watoto walikuwa wakikijua kisa hicho kwa moyo kama wanavyojua hadithi ya sungura. Hapana aliyeniuliza mto huo ulikuwaje.

Tarehe 4 Julai 2025, siku ya Ijumaa, siku zile tunazokaribia Ashura, mto Guadalupe ulikuja. Mvua kubwa ilinyesha vilimani usiku, na kabla ya mapambazuko, karibu na Hunt, juu ya Kerrville, maji yalipanda kiasi cha futi 26 katika dakika 45. Yalichukua nyumba, yalichukua magari-nyumba na watu wamelala ndani. Katika kambi moja ya wasichana walikufa watoto na walezi wao 27. Waliokufa katika sehemu hiyo ya Texas walikuwa zaidi ya 130, na wengi wao ni wa wilaya ile ile ya Kerr. Binti yangu alinipigia simu huku analia. Hakusema, "Baba, wakumbuka?" Amelelewa vizuri, na mamake.

Sasa sikiliza jambo linaloniuma zaidi. Mimi ni mtu wa Malindi. Kwetu sisi hapana asiyejua kwamba mto Sabaki huja juu na kuigeuza bahari nyekundu ilhali mjini jua linawaka, kwa kuwa maji yake yanatoka bara, mto Athi upande wa Nairobi. Marehemu baba yangu alinizuia mara ngapi nisivuke, akiniambia kwamba mvua si lazima inyeshe hapa! Alichotuambia yule mzee kilikuwa kauli ya baba yangu, neno kwa neno, nami sikuitambua kwa kuwa ilitoka katika kinywa cha mtu wa rangi nyingine na dini nyingine. Nilikuwa na elimu ya kumsadiki tangu utotoni. Nilichokosa ni nia.

Dhana mbaya nimeisomesha; kusengenya nimekusomesha, na sharti ya toba yake, kwamba haki ya mtu haifutiki kwa istighfari peke yake mpaka umwendee mwenyewe. Kwa hivyo wiki ile ile niliwakusanya wanafunzi, wadogo na wakubwa, nikawaambia kwamba kisa cha mzee wa mtoni nilikisimulia kwa uongo, nikakirudia tangu mwanzo kama kilivyokuwa, pamoja na kile kifuko cha pekani. Si rahisi, ndugu yangu, kwa mtu wa umri wangu kusema neno "uongo" juu ya nafsi yake mbele ya watoto wa miaka minane. Baadhi ya wazazi walinijia wakasema nimejishushia heshima bure, kwani mzee mwenyewe yuko mbali na hajui. Mtoto mmoja aliyekaa mbele ndiye aliyeuliza la maana: "Sheikh, na yule mzee yu hai?"

Nilimtaka binti yangu aulize. Kwa siku nyingi simu ya pale ililia bila ya kujibiwa. Mwishowe mwezi wa Agosti alimpata yule mama wa ofisini. Akamwambia kwamba viwanja vyote vya chini vimechukuliwa, na meza zake za saruji, lakini wageni waliamka wakakimbilia juu, kwenye nyumba ya kufulia, na hawakupoteza mtu. Ama mzee, aliondoka tangu mwaka 2023. Aliuza gari-nyumba lake akaenda kukaa kwa dada yake katika jimbo jingine, wala hakuacha namba. Mara moja moja hupita kuchukua barua zake.

Binti yangu akamwachia jina langu na namba yake ya simu, na maneno machache niliyomtuma: kwamba yule mgeni mwenye kofia anaomba radhi, na kwamba atajua mwenyewe ni ya nini, au hatajua. Mama yule aliyaandika kwenye karatasi akayaweka pamoja na barua. Tungali tunangoja.