Tani Kumi za Mataruma

Mbarara haina reli. Reli iliyo upande wetu huu wa magharibi ni ile iliyotoka Kampala ikafika Kasese mwaka 1956, kwa ajili ya shaba ya Kilembe, nayo haijapitisha treni tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Mimi naishi Juru, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na sijawahi kupanda treni hata siku moja. Lakini habari za reli nazijua kidogo, kwa sababu baba mdogo ananunua vyuma, na mimi ndiye ninayemwandikia daftari.

Kwetu Kongo kazi hii tunaiita mitraye. Hapa Uganda watu husema sikulapu, na mwalimu wetu wa Kiswahili hutusahihisha kila mara: chuma chakavu. Ni kitu kile kile. Vijana wanazunguka vijijini na baiskeli wakinunua kwa kilo majembe yaliyoisha, fremu za baiskeli, mabati yaliyooza na springi za magari. Jioni wanamletea baba mdogo. Yeye ana sumaku moja iliyotolewa kwenye spika ya redio, na anaiamini kuliko maneno ya mtu yeyote. Sumaku ikishika, ni chuma. Isiposhika, tunaangalia rangi, na hapo ndipo penye pesa, kwa sababu shaba huzidi chuma kwa bei mara nyingi. Mabati hayapendi. Yanajaza lori na uzito hayana.

Mzigo ukitosha tunakodi lori, tunapita barabara ya vumbi mpaka Isingiro, halafu lami mpaka Mbarara kwa tajiri mwenye uwanja na mizani. Kutoka kwake vyuma vinakwenda kuyeyushwa viwandani, upande wa Kampala na Jinja. Mwezi mzuri sisi tunapeleka tani mbili. Mwezi mbaya hatupeleki kitu.

Sasa fikirieni reli. Reli nyingi za zamani za Afrika Mashariki zina uzito wa ratili 80 kwa yadi moja, ambao ni karibu kilo 40 kwa mita. Njia ina reli mbili, kwa hiyo kilometa moja tu ina tani 80 za chuma, kabla hujahesabu mataruma, boliti na vibao vya kuunganishia. Nilipomsomea baba mdogo hesabu hiyo alinyamaza muda mrefu. Tani 80 ni zaidi ya miaka mitatu ya baiskeli zetu zote, tena miezi yote iwe mizuri. Na si chuma cha ovyo. Chuma cha reli ni kigumu, wahunzi wanakipenda. Hapa Juru kuna mhunzi anayefulia majembe juu ya kipande cha reli cha urefu wa mkono. Amekibeba kutoka nchi moja hadi nyingine, na wakati wa mvua anakiingiza ndani kulala nacho.

Kununua chuma cha reli kwa halali kuna njia yake. Shirika la reli la Uganda ni mali ya serikali, na kuna sheria ya mwaka 2003 inayosema mali ya umma inauzwaje. Kwa kawaida inauzwa kwa zabuni au kwa mnada. Kwanza inatangazwa, wanunuzi wanakwenda kuitazama, wanaweka dhamana, anayeshinda analipa na kupewa hati ya kutolea mzigo. Unachukua kitu kama kilivyo na mahali kilipo. Kama kimelala porini, kukikata, kukipakia na kukisafirisha ni juu yako. Kuna jambo jingine ambalo wafanyabiashara wadogo hawalijui, nalo ni kwamba anayeendesha treni anaweza kuwa si mwenye njia. Mwaka 2006 reli za Kenya na Uganda zilikabidhiwa kampuni binafsi iziendeshe, lakini mali iliyokodishwa ilibaki ya mashirika ya serikali, na baada ya miaka kama kumi na moja kampuni ile ikaondoka. Basi ukiambiwa “chuma hiki kinauzwa na watu wa reli”, uliza ni watu gani wa reli.

Mwaka juzi alikuja Juru mtu kutoka mjini, amevaa vizuri, ana pikipiki mpya. Alisema ana tani kumi za mataruma ya chuma, anauza shilingi 500 kwa kilo. Wakati huo Mbarara chuma kizito kilikuwa shilingi 900. Hata mtoto wa darasa la tatu angeiona faida. Baba mdogo yumo katika kikundi cha akiba cha watu kumi na mmoja, na sanduku lilikuwa na shilingi milioni sita na laki mbili. Milioni moja na nusu ilikuwa yake, na ndani ya hiyo kulikuwa na ada yangu ya muhula uliofuata.

Kikundi kilikutana nyumbani kwetu. Mgeni aliacha nakala ya barua yenye mhuri, nikaambiwa niisome kwa sauti. Barua ilisema mwenye nayo ameruhusiwa kuondoa mataruma yaliyochakaa. Basi.

“Mama, soma tena hapo,” baba mdogo akaniambia.

Nikasoma tena. Haikusema uzito, wala fungu namba ngapi, wala karibu na stesheni gani, wala namba ya risiti. Malipo yalitakiwa yatumwe kwa simu, kwa namba ya mtu. Nilipouliza kwa nini tunapakia usiku, mmoja wa wajumbe alijibu kwamba mgeni amesema mchana kuna joto. Watu wakacheka, hata yeye mwenyewe.

Lakini si barua iliyoamua. Baba mdogo hakusoma shule, barua kwake ni karatasi. Yeye aliomba picha ambazo mgeni alimtumia katibu kwenye simu. Akazikuza kwa vidole viwili, akatazama, akatazama tena. Halafu akatuonyesha mahali reli inapokalia taruma. Palikuwa panang’aa kama kijiko.

“Chuma kilicholala miaka ishirini haking’ai hivi,” akasema. “Hapa kuna treni inapita.”

Hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa nimewaza polisi na pesa zetu, sikuwa nimewaza dereva wa treni.

Hata hivyo msidhani wote walikubali. Mzee mmoja alisema watu wa Mbarara watayanunua kesho yake, na sisi tutabaki na dhambi zetu ndogo na umaskini wetu mkubwa. Sikumwona kuwa mtu mbaya. Ana watoto saba na shamba lake la mahindi lilikuwa limekauka. Mama anayeuza samaki ndiye aliyemjibu: “Sisi ni wakimbizi. Wakija hawatauliza nani aling’oa, watauliza nani amebeba.” Walipiga kura. Saba walikataa, wanne walikubali, na watatu kati ya hao wanne wakadai akiba zao wiki ile ile.

Mataruma yalinunuliwa. Nani aliyanunua sitaandika, kwa sababu nilisikia tu sokoni. Hatukusikia kwamba kuna mtu amekamatwa. Sanduku lililopunguzwa halikuweza kukopesha mtu, nami nilirudi shule wiki ya tano ya muhula, wenzangu wakiwa wamemaliza mada mbili za fizikia.

Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara yote ya chuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuanguka na nchi kukosa taa, ingawa sheria yao ya kuisimamia ilikuwapo tangu 2015. Baba mdogo hukumbusha habari hiyo kila akipata nafasi. Anasema mwizi mmoja wa nguzo anaweza kuwafungia kazi waokota sufuria elfu.

Sasa amerudia wazo la reli, ila kwa mlango wa mbele. Kwa mnada sisi hatutoshi, fungu moja tu lingetumaliza. Tajiri wa Mbarara ana kampuni iliyoandikishwa na anaweza kuomba zabuni. Sisi tuna vijana wa kukata kwa gesi na kupakia. Wamekutana mara tatu. Tajiri anataka kutulipa kibarua kwa siku. Baba mdogo anataka kulipwa kwa kilo, na anataka mtu wetu asimame kwenye mizani ya magari lori likipimwa tupu na likipimwa limejaa, ashike nakala ya karatasi mkononi. Kwa kilo, tajiri amekubali. Kuhusu karatasi ya mizani, bado anasema atafikiri.