Jumapili za Mlalo

Jumapili ilianza miguuni. Ukungu ukiwa bado umelala bondeni, watu waliteremka kwa vijia vya Milima ya Usambara wakiwa na viatu mkononi, wakirushiana salamu za Kishambaa toka mgongo huu wa mlima hadi ule: “Onga makeo!” Kwenye kijito chini ya kanisa kina mama walitusugua matope vifundoni kwa majani, wakatuvisha soksi, kisha tukapanda kilima tukitembea kama watoto walioshuka kwenye gari.

Ndani kulinukia mkulo. Mabenchi yalichongwa kwa mti huo wa msituni kwetu, na mvua ilipopiga mabati na hewa kuwa nzito, harufu yake ya kafuri ilipanda ikachanganyika na mafuta ya nazi ya nywele, nta ya mishumaa na moshi wa kuni uliokwisha hamia kwenye kanga. Wanaume walikaa upande wao, wanawake wao. Sisi watoto tulikuwa mbele, mbele kabisa, karibu na mzee wa kanisa ambaye hakuhitaji fimbo. Alikohoa tu.

Bibi alikuwa na kitabu chake cha nyimbo, kimefungwa kwa kitambaa cha maua, ndani yake kuna risiti za sadaka, picha moja ya kipaimara na pini ya nywele. Sikumwona akikifungua wakati wa kuimba. Alikiweka mapajani, akafumba macho, akaimba sauti ya chini, nzito, iliyowasumbua wanakwaya wenye noti zao.

Wamisionari Wajerumani wa Bethel, Johanssen na Wohlrab, walifika kwetu Mlalo mwaka 1891, wakapaita Hohenfriedeberg, jina ambalo sijawahi kulisikia likitamkwa sokoni. Bibi alipohadithia habari za usharika hakuanzia kwao. Alianzia pale Wajerumani walipoondolewa kwa sababu ya vita ya kwanza ya dunia, walimu na wazee wa Kishambaa wakabaki na funguo. Hao ndio waliogonga kengele, wakafundisha watoto kusoma, wakazika wafu kwenye mvua. Vita ya pili ilipowachukua tena wageni, alisema, “Safari hiyo tulikwisha zoea.” Na mwaka 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT, kwake yeye kilichobadilika ni muhuri. Wanahistoria watanisamehe, lakini mimi hesabu ya bibi naiamini.

Kilichonifanya niamke bila kuitwa ni Pasaka. Alfajiri, giza likiwa bado nene, kundi la tarumbeta lilikwenda makaburini. Shaba ilikuwa baridi kiasi kwamba wapigaji waliificha midomo ya tarumbeta ndani ya makoti mpaka dakika ya mwisho. Kisha sauti ya kwanza, kavu, ikitetemeka kidogo. Jogoo wa bonde zima wakajibu. Tulisimama kati ya misalaba, umande ukipanda kwenye soksi, hadi mwanga ulipogusa migomba ya ng’ambo.

Krismasi ilikuwa ya watu wote. Nusu ya ukoo wetu ni Waislamu, kwa hiyo mbuzi alichinjwa na mjomba, kwa bismillahi yake, ili asikose mtu kula pilau. Hakuna aliyeona ajabu.

Lakini ibada, kwa maoni yangu, ilimalizikia nje. Baada ya baraka tulitoka uwanjani, na pale chini ya miti sadaka za mazao zilipangwa kwenye nyasi: magimbi, maharage, mkungu wa ndizi, plamu kwenye bakuli la bati, mayai kikapuni, jogoo aliyefungwa miguu. Mwendesha mnada alikuwa mwalimu wa shule, mwembamba, mwenye sauti ya kuuzia hata ukungu. “Shilingi mbili! Mbili na nusu! Mama kule, umenyanyua mkono au unafukuza nzi?” Yai moja liliweza kununuliwa, likarudishwa mnadani, likanunuliwa tena na tena, mpaka likawa ghali kuliko kuku aliyelitaga. Mjomba naye alifika, kofia yake kichwani, kwa sababu viazi vya sadaka, alisema, havina udongo mwingi.

Asiye na fedha aliruhusiwa kununua kwa ahadi. Mtunza hazina aliandika daftarini, na Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo ya ndoa, majina ya wadaiwa yalisomwa kwa sauti. Jina la bibi lilisomwa mara nyingi. Alikuwa hawezi kumwachia jirani yake jogoo hata mmoja, na yule jirani, akijua hivyo, alimpandishia bei kwa makusudi kila wiki, kisha wakaondoka wameshikana mikono, bibi amembana jogoo kwapani, wakibishana njia nzima ni nani hasa aliyeshinda.