Picha Tatu Zilizobaki

Siku ile nilikuwa nimekwisha kuamua kufunga studio. Ilikuwa mwezi wa Februari mwaka 2016. Niliketi kwenye kigoda karibu na mlango, hapa Kiabakari, nikahesabu fedha za wiki nzima, nikaona hazitoshi hata nusu ya kodi ya chumba. Kila mtu alikuwa na simu yenye kamera. Harusi zilipigwa picha na wapwa na mabinamu, bure. Kwangu walikuja tu wenye shida ya picha za pasipoti.

Ndipo akaingia binti mmoja mwenye sare ya sekondari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Picha za pasipoti?"

"Ndiyo, mama. Nne."

Nilimpiga, nikaweka karatasi kwenye printa. Wakati tukingoja, alisimama akitazama picha za zamani nilizobandika ukutani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta kitu. Kisha akasema bila kugeuka, "Mama, bibi anasema zamani wewe ndiye ulikuwa unapiga picha watu wote wa hapa. Hukuwahi kumpiga mama yangu?"

Nilimwuliza mama yake ni nani. Alipomtaja, mikono yangu iliishiwa nguvu.

Dada mpendwa unayesoma ukurasa huu, ili unielewe ni lazima nikurudishe nyuma kidogo.

Kamera ya mume wangu

Kamera haikuwa yangu. Ilikuwa ya mume wangu, Yashica nzito ambayo aliitunza kuliko baiskeli yake. Mwaka 1996 alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukafa ganzi, na maneno yakawa yanamtoka kwa shida. Tulikuwa na watoto wanne, wa mwisho akiwa bado ananyonya. Shamba letu la mihogo lilikuwa dogo, na dawa zilihitaji fedha.

Siku moja alinionyesha kamera kwa mkono wake wa kushoto, kisha akanionyesha mimi. Nikamwelewa, nikaogopa. Lakini jioni ile ile alianza kunifundisha akiwa kitandani: jinsi ya kupakia mkanda, jinsi ya kupima mwanga, kwa nini usimpige mtu akiwa amelipa jua mgongo. Alipokosa neno, alinishika kidole na kukiweka mahali panapotakiwa.

Watu walisema. Mke wa mtu azunguke harusini na kamera shingoni, akiwaambia wanaume, "Geuza uso, nyanyua kidevu"! Aliyewanyamazisha ni mama mkwe wangu. Alivaa gauni lake la kanisani, akaketi kwenye kiti mbele ya pazia mchana kweupe, mlango ukiwa wazi ili kila mpita njia amwone, akaniambia, "Nipige." Tangu siku hiyo waliokuja hawakuona haya tena.

Wasichana wa siku hizi hawajui kazi ilivyokuwa. Mkanda mmoja ulitoa picha 36. Huwezi kufuta, huwezi kurudia. Ukishaujaza, unaufunga vizuri na kumkabidhi kondakta wa basi la Mwanza, picha zikasafishwe huko, nawe unangoja siku tatu au nne huku roho iko juu. Kama mwanga uliingia, umepata hasara ya mkanda, ya nauli, na ya jina lako pia. Kwa hiyo nilijifunza kuhesabu. Kila nilipobonyeza, nilisikia sauti ya fedha ikitoka mfukoni. Ada ya shule, dawa, mafuta ya taa. Sikuona nyuso, niliona namba: imebaki kumi, imebaki tano.

Siwezi kuilaumu hesabu ile, maana ndiyo iliyowalisha watoto. Lakini ilinifanya niwe kipofu nikiwa na kamera mkononi.

Oktoba ya mwaka 1999

Tarehe 14 Oktoba 1999 Mwalimu Julius Nyerere alifariki dunia huko London. Nchi nzima ililia, lakini sisi wa hapa tulifiwa na mtu wa nyumbani. Kutoka Kiabakari hadi Butiama si mbali. Siku ya mazishi yake, tarehe 23, magari yalipita mengi kuliko tuliyowahi kuyaona, na watu wa vijijini walitembea kwa miguu kutoka kila upande, kati ya yale mawe makubwa ya vilima vyetu.

Nami nilikwenda na mkanda mpya. Wapiga picha wa magazeti na wa nchi za nje walikuwa mbele, na vifaa vyao vikubwa. Mimi sikuweza kusogea. Nikapiga nilichokipata: barabara, umati, wanawake walioketi chini ya mti wakiwa wamejitanda kanga vichwani. Nilitumaini kuwa watu wangenunua kumbukumbu ya siku ile.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimebakiwa na picha tatu kwenye mkanda.

Siku mbili baadaye alinijia mama mmoja niliyemfahamu kwa sura. Alikuwa akiuza maandazi karibu na stendi. Alikuwa mjamzito, siku zake zikiwa zimekaribia, amevaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, kipya, bado kinanukia duka. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, naomba unipige picha moja nikiwa na tumbo hili. Fedha nitaleta nikishajifungua."

Nakumbuka nilivyomjibu, neno kwa neno. "Mama, picha si chumvi ya kukopeshana. Zimebaki tatu tu, nazo ni za wateja wenye fedha mkononi."

Alicheka kidogo, ule ucheki wa mtu anayeficha aibu, akasema, "Haya, mama, siku nyingine." Akaenda zake.

Picha zile tatu zilinunuliwa na kijana mmoja. Alitaka kupigwa na baiskeli yake mpya: akiwa amesimama kando yake, akiwa ameipanda, na akiwa ameegemea kiti chake.

Mwezi uliofuata nilisikia kwamba mama wa maandazi amefariki katika kujifungua. Mtoto alipona. Nilikwenda msibani, nikakaa na wenzangu. Watu waliulizana kama ipo picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Haikuwapo. Niliinama, sikusema neno.

Ndani ya kopo la biskuti

Sasa yule mtoto alikuwa amesimama studioni kwangu, na miaka yake kumi na sita, ameshika picha nne za pasipoti, ananiuliza kama sikuwahi kumpiga mama yake.

Ningeweza kumwambia "sikumbuki", na hakuna ambaye angejua. Lakini nilichoka kulibeba jambo lile. Nikamketisha, nikamweleza lote: kitenge, ombi, jibu langu, hata baiskeli. Nilipomaliza nilingoja anilaumu. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Kitenge kilikuwa cha rangi gani tena?"

"Kijani. Maua ya manjano."

"Kwa hiyo kwenye picha ile hata mimi ningekuwamo."

Alipoondoka nilifunga mlango, nikashusha kutoka juu ya kabati makopo ya biskuti. Humo mume wangu, na baadaye mimi, tulihifadhi negativu zote, zile filamu za kahawia, kila mkanda na tarehe yake. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka 2008. Kabla ya hapo aliwahi kunikataza nisizitupe, akisema kwa ulimi wake mzito, "Zina watu." Sikumwelewa wakati ule.

Niliutafuta mkanda wa Butiama. Nilishika vipande dirishani kimoja kimoja, macho yangu ya uzee yakihangaika. Barabara. Umati. Halafu wanawake chini ya mti. Katika mstari wa tatu, mwanamke mmoja tu hakutazama walikotazama wengine. Alikuwa amegeukia kamera. Kanga kichwani, mkono mmoja juu ya tumbo.

Nilikaa chini sakafuni nikalia.

Kipande kile nilikipeleka Mwanza mwenyewe, sikumpa kondakta. Waliukuza ule uso kwa kompyuta. Haukuwa safi sana, ulikuwa na chembechembe, lakini ni yeye. Binti alipoupokea hakulia kama nilivyotazamia. Aliutazama, akashika pua yake mwenyewe, akacheka, "Kumbe hii nimeitoa kwake." Kisha akaweka kidole juu ya ule mkono ulioshika tumbo. "Na mimi ni huyu hapa," akasema.

Sikufunga studio.

Kamera ni jicho, lakini la nani?

Tangu hapo nilianza kuifikiria kazi yangu upya. Nilisoma habari za Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kupiga picha akiwa kijana wa shule Dar es Salaam, na mwaka 1963 akaanzisha huko kampuni yake ya Camerapix. Picha zake za njaa ya Ethiopia, zilizoonyeshwa na BBC mwezi wa Oktoba 1984, ziliuamsha ulimwengu. Michango ikamiminika, na mwaka uliofuata, tarehe 13 Julai, yakafanyika matamasha makubwa ya Live Aid huko London na Philadelphia. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini na mkono wa bandia. Alifariki mwaka 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Kamera yangu haitalisha taifa. Lakini nilijiuliza: watu wale walioonyeshwa mwaka 1984 njaa ilikuwa imewaua wengi kabla, na ulimwengu haukuguswa hadi mtu alipoziona nyuso zao na kuzifikisha kwa wengine. Je, hapa Kiabakari ni nani ambaye hakuna anayemtazama?

Sikwenda mbali kumtafuta. Ni mama. Tazama albamu yoyote ya familia. Baba yupo, amevaa suti. Watoto wapo, siku ya ubatizo na ya kumaliza shule. Mama yuko wapi? Yuko jikoni anapakua. Au ameonekana nusu, ameshika sinia. Ukimwita, anasema, "Ngoja nibadilishe nguo," "Ngoja ninenepe kidogo," "Mimi wa nini, piga watoto." Hata mimi nilikuwa hivyo. Baada ya picha ya harusi yetu, sina hata moja niliyo pamoja na mume wangu. Siku zote mmoja wetu alikuwa nyuma ya kamera.

Kwa hiyo niliweka desturi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mama mjamzito yeyote akifika studioni nampiga picha moja bila malipo. Wengine huniuliza faida yake. Nawaambia ninalipa deni. Wakati wa hija, mahujaji wanapofika kituo cha Huruma ya Mungu hapa Kiabakari, napata fedha kidogo, nazo hununua karatasi na wino wa mwezi.

Na namna ya kupiga imebadilika. Zamani nilisema, "Kaa wima, usicheke, tayari." Sasa kwanza naiweka kamera chini. Namwuliza mtu ametoka wapi, watoto hawajambo, mvua imenyesha kwao. Akishasahau kwamba amekuja kupigwa picha, hapo uso wake unatoka. Wako waliokuja kwa picha ya kitambulisho, wakakaa saa nzima wakinieleza mambo ambayo hawajamwambia mtu. Siwapi ushauri mkubwa. Nawatazama tu, nawasikiliza.

Dada, nina maneno machache kwako. Usiziache picha zote kwenye simu. Simu huibiwa, huanguka majini, huharibika. Kila mwaka toa hata tano kwenye karatasi. Nyuma yake andika kwa penseli majina na mwaka, maana sura unayoijua leo wajukuu hawataijua. Kabla hujampiga mtu, hasa mgonjwa au aliyefiwa, mwombe ruhusa. Uso wake ni mali yake. Nawe mwenyewe, acha sinia, ingia kwenye picha. Na nguo hiyo hiyo ya jikoni. Wanao hawatatafuta gauni, watatafuta pua yao.

Mwaka 2023 yule binti alirudi, safari hii amembeba mtoto wake wa kwanza mgongoni. Alitaka picha ya vizazi vitatu. Nilishangaa, nikamwuliza wa tatu yuko wapi. Akafungua mkoba, akatoa uso ule wa chini ya mti, sasa uko ndani ya fremu. Akaushika kifuani kando ya mtoto. Nikabonyeza mara moja, na mara ya pili, na ya tatu.

Alipotaka kulipa nilikataa. Akaniwekea fedha juu ya meza, akazikunja mara mbili.

"Pokea, mama," akasema. "Si yangu hii. Ni ya yule atakayekuja hana."