Mikarafuu ya Minahasa

Kwetu Pemba, jina la Indonesia lilikuwa likitajwa pamoja na bei ya karafuu. Viwanda vya sigara vya Java, vinavyotengeneza kretek kwa kuchanganya tumbaku na karafuu, ndivyo vilivyokuwa vikinunua sehemu kubwa ya mavuno yetu. Miaka ya 1980 wanunuzi wale walipotutoka, kila nyumba iliyokuwa na jamvi la kuanikia ilijua. Sababu haikuwa siri: Serikali ya Rais Soeharto iliwahimiza wakulima wake wapande mikarafuu yao wenyewe, na sasa mikarafuu ile ilikuwa imeanza kuzaa.

Nikajaaliwa kuiona kwa macho yangu. Nilikuwa nasoma kilimo Bogor, kisiwani Java, na mwenzangu wa bweni alikuwa mtoto wa kijiji kimoja mashariki ya Ziwa Tondano, huko Minahasa, ncha ya kaskazini ya Sulawesi. Likizo ya mavuno akanichukua kwao. Kutoka Manado tulipanda basi hadi Tondano, kisha gari la mizigo, kisha miguu, kwa sababu mvua ilikuwa imeikata njia. Kijiji kilikaa mgongoni mwa mlima, nyumba zake za mbao zikiwa juu ya nguzo, na bahari ikionekana mbali chini. Kabla ya kuona mkarafuu hata mmoja nilishasikia harufu. Majamvi yalikuwa yametandazwa barazani, uani, na kando ya njia nzima, watu wakipita kwa kuruka.

Kilikuwa kijiji cha neema. Sijui neno jingine la kukieleza. Vijana walikuwa na pikipiki mpya. Jirani mmoja alikuwa na friji ilhali umeme haujafika; mkewe alihifadhi mashuka ndani yake, na alinifungulia nione yalivyopangwa, kwa fahari isiyo na majivuno. Watoto wa wakulima walikuwa wakisomeshwa hadi chuo kikuu kwa karafuu, na mwenzangu alikuwa mmoja wao.

Baba yake sote tulimwita Opa na mama yake Oma, kama Waminahasa wanavyowaita wazee wao tangu enzi za Waholanzi. Ni Wakristo, na jikoni mwa huko nguruwe hakosekani. Oma hakunihoji kitu. Siku niliyofika alinunua sufuria mpya, akaiweka mbali na nyingine, na kila kuku aliyetaka kupikwa aliletwa kwangu nimchinje. Ijumaa mwenzangu alinipeleka kuswali Kampung Jawa, karibu na mji wa Tondano, kwa kizazi cha Waislamu wa Java waliopelekwa uhamishoni huko Vita vya Java (1825–1830) vilipokaribia kwisha. Nikakaa nikila samaki wa kukaushwa kwa moshi na pilipili isiyo na huruma, nikajiona niko kwa jamaa zangu.

Asubuhi kabla hapajapambazuka watu waliitana kwa mapalus, ujima wa Kiminahasa: leo shamba la huyu, kesho la yule, na aliyechumiwa analipa kwa kuwachumia wenzake. Kwetu mchumaji hupanda mti wenyewe na kutambaa kwenye matawi. Wao walisimamisha ngazi ndefu ya mwanzi, wakaifunga kwa kamba pande zote ili isiyumbe, na mtu akasimama juu kabisa akivuta matawi kifuani. Kazi ya hatari kule, kazi ya hatari huku. Kila msimu mkubwa, Sulawesi na Pemba, wapo wanaoanguka.

Usiku ulikuwa wa kuchambua. Nyumba nzima ilizunguka taa, na Opa akanitazama nikishika shada la karafuu kiganjani, nikizisukuma kwa kidole gumba ziachane na makonyo. Akauliza ni nani aliyenifundisha. Nikamwambia ni bibi yangu, Pemba, Zanzibar. Akaacha kazi. Kesho yake akanishika mkono hadi shambani, akanionyesha mistari ya miti yake na kusema, "Hii yote ni Zanzibar." Ndiyo aina ya miche aliyopewa na watu wa kilimo: aina iitwayo Zanzibar, inayosifiwa kwa kuzaa sana. Asili yake ni Maluku, ng'ambo tu ya bahari ile tuliyokuwa tukiiangalia. Watu wa Mfaransa Pierre Poivre waliiba miche huko mwaka 1770 na kuipeleka Mauritius. Kutoka visiwa vya huko ikaja Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19. Karne moja na ushei baadaye ikarudi kwao, na jina letu juu yake. Mti uliotunyima sisi soko ulikuwa mti wetu, na sikuweza kumwonea mzee yule kinyongo. Alikuwa amepalilia kwa mikono yake miaka mingi kabla hajaona punje moja.

Kilichofuata nilikijua kwa barua. Nchi nzima ilikuwa imepanda, na karafuu zikazidi mahitaji ya viwanda. Mwishoni mwa 1990 ikaundwa BPPC, taasisi iliyopewa ukiritimba wa kununua karafuu zote, chini ya Tommy, mtoto wa Rais. Mkulima akauza kwa bei ya chini, na pesa nyingine akakatwa kabla haijamfikia mkononi. Mwaka 1992, maghala yalipofurika, wakulima wakashauriwa waikate mikarafuu. Katika karne ya 17 Kampuni ya Kiholanzi ilikata mikarafuu ya Maluku ili bei ibaki mikononi mwake. Sasa msumeno ulikuja na ushauri wa wenye nchi yao wenyewe. Nilipoisoma barua ile nilikasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo. Waliosema pandeni na waliosema kateni hawakusimama hata siku moja juu ya ngazi ya mwanzi. Opa alikata zaidi ya nusu ya shamba lake, akapanda vanila na mahindi. Mwenzangu aliandika kwamba baba yake hakutaka asaidiwe kukata.

BPPC ilivunjwa mwaka 1998, kwa shinikizo la Shirika la Fedha la Kimataifa, wakati utawala wa Soeharto wenyewe ukianguka. Bei ikapanda. Waliokuwa wamekata walianza upya na miche, na mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa.

Niliporudi Minahasa, baada ya miaka mingi, lami ilikuwa imefika kijijini. Vichochoro ni vya saruji, kwa fungu la fedha ambalo serikali imekuwa ikipeleka kila kijiji tangu 2015. Friji zina umeme. Opa na Oma hawapo tena, na mwenzangu, baada ya kustaafu utumishi wa serikali, ndiye mwenye shamba. Indonesia sasa inavuna zaidi ya tani 100,000 za karafuu kwa mwaka, kiasi ambacho sisi visiwani hatuwezi hata kukikaribia, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kilimo kile kimekufa. Kilichoondoka ni watu. Vijana wako Manado, au Morowali kwenye viwanda vya nikeli, au mbali zaidi. Binti wa mwenzangu yuko Oarai, mji wa bandari nchini Japani, ambako Waminahasa wengi walikwenda kufanya kazi kwenye viwanda vya samaki hadi wakaanzisha makanisa yao huko. Mapalus ya karafuu nilikuwa nikiiulizia mimi tu. Wachumaji sasa ni wa kukodi, wanatoka nje, na hulipwa kwa kilo. Usiku mwenzangu na mkewe walichambua peke yao, na mimi wa tatu.

Aliniuliza habari za Pemba. Nikamweleza kwamba kwetu pia vijana wanakwenda Unguja, Dar es Salaam na Oman, kwamba serikali ndiyo mnunuzi pekee hata leo ingawa bei ya mkulima imekuwa nzuri kuliko zamani, na kwamba mikarafuu mingi ni ya wazee kama sisi. Akanitolea hesabu zake. Gharama kubwa ni wachumaji, na hulipwa kabla karafuu hazijauzwa. Mwaka ule fedha ya kuwalipa ilitumwa na binti yake, kutoka kwenye mshahara wa kupakia samaki. Nikamuuliza kama binti atarudi kulishika shamba. Akasema hajamuuliza, kisha akanionyesha, nyuma ya jiko, miche aliyoiotesha kwa ajili ya msimu wa mvua.