KING'AMUZI KIPYA KILIVYOMALIZA STORI ZA USIKU NDANI YA NYUMBA

Tangu mitambo ya analojia izimwe Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, king'amuzi kimekuwa kama mtu wa familia. Kinakula (kifurushi kila mwezi), kinaumwa (mvua ikipiga tu picha inaganda) na kinagombaniwa kila siku. Baba anataka mpira, mama tamthilia, watoto katuni. Rimoti ni moja!

Ndo maana vilipokuja ving'amuzi vyenye diski ndani, watu walishusha pumzi. Hivi unarekodi, unasimamisha, unarudisha nyuma na unachagua filamu muda unaotaka wewe. Explora ya DStv ilipotoka mwaka 2013 ilikuja na diski ya TB 2. Wengi hudhani ukibonyeza filamu, ungo ndo unaenda kuifuata angani. Hapana. Ungo unapokea tu, hauwezi kuagiza kitu. Filamu na vipindi vinarushwa na setilaiti taratibu na king'amuzi kinavihifadhi kwenye diski, hata ukiwa umelala. Ukibonyeza, unaangalia kitu ambacho tayari kiko sebuleni kwako. Ukitaka zaidi ya hapo, unaunganisha intaneti, na hapo jiandae na bando. Netflix wenyewe wanasema saa moja ya picha ya HD inaweza kula mpaka GB 3.

Sasa kuna jamaa mmoja wa Mbagala, dereva wa daladala. Anarudi nyumbani saa nne usiku, na tamthilia inaanza saa mbili. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa huu: akishaoga, mkewe anamtengea chakula, anakaa pembeni na kuanza kumsimulia. "Yule mama mkwe leo kaumbuka!" Anaigiza sauti, anasimama, anatembea kwa maringo kama yule mama mkwe mwenyewe. Jamaa anacheka mpaka ugali unapoa.

Na humohumo katikati ya stori mambo mengine yalipita. Mwenye nyumba kaja leo. Mtoto anadaiwa hela ya mitihani. Dada wa Tanga hajisikii vizuri. Mume alikuwa anajibu huku anatafuna, na mengi yaliisha hapohapo mezani.

Alipopokea hela ya mchezo, jamaa akanunua king'amuzi kipya. Akaona amwondolee mke kazi ya kusimulia, na yeye ajionee mwenyewe. Kuanzia hapo akirudi anabeba sahani, anakaa kwenye kochi, anabonyeza. Mke kashaiona saa mbili, hana cha kusimulia. Akianza kusema kitu anaambiwa, "Subiri kwanza, usinimalizie utamu." Anasubiri, usingizi unamchukua.

Ikapita miezi mitatu. Siku moja jamaa yuko kituoni, jirani akamvuta pembeni. Kumbe mkewe amekopa kausha damu, shilingi 200,000, anarudisha kila siku kutoka kwenye biashara yake ya vitumbua. Dada wa Tanga alilazwa, hela ikatumwa huko. Mtaa mzima wanajua. Mwenye nyumba yake hajui!

Usiku ule TV haikuwashwa.

"Mama watoto, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia saa ngapi, mume wangu? Ukirudi, wewe na TV, TV na wewe."

Jamaa alikosa jibu.

Hapa wengine watasema king'amuzi kitupwe nje. Hapana, kile ni chombo tu, kinafanya unachokibonyeza. Mwanaume hakuwa na mchepuko, hakunywa, hakupiga mtu. Alikaa tu sebuleni kwake anaangalia alichokilipia. Lakini nyumba nyingi hazivunjwi na mambo makubwa. Zile dakika 20 za kusimuliana umbea wa tamthilia ndo zilikuwa kikao cha familia, na hakuna aliyejua mpaka kikao kilipokufa.

Sasa hivi wana utaratibu mwingine. Mke saa mbili haangalii tena, anaacha irekodi. Mume akirudi wanaangalia wote, na rimoti anashika mama. Akiwa na neno anabonyeza kitufe cha kusimamisha, wanaongea, wakimaliza wanaendelea. Kuna siku kipande cha nusu saa kinaisha saa sita usiku. Mkopo bado wanaulipa, wawili.

Kwa hiyo wewe mwenye king'amuzi cha kisasa, kumbuka kwamba tamthilia itakusubiri kwenye diski mpaka kesho. Mkeo au mumeo mwenye neno moyoni hatakusubiri hivyo.

Haya wadau, kwenu rimoti anashika nani? Na yule jirani, alifanya vizuri kusema au alipaswa kunyamaza?