Kwaheri Thorn Tree

Nimekuwa kimya, kazi ni nyingi. Leo tuache programu kidogo, niwasimulie kuhusu mti.

Hapa Nairobi, kwenye mkahawa wa hoteli ya Stanley, Barabara ya Kimathi, palikuwa na mgunga ambao wasafiri waliubandika vikaratasi: natafuta mwenzangu wa safari, nimetangulia Mombasa, nifuate. Mkahawa unaitwa Thorn Tree. Mwaka 1996 Lonely Planet walilichukua jina hilo wakawafungulia wasafiri baraza lao mtandaoni.

Niliingia pale mwaka 2017, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Mimi mwenyewe sikuwa na nauli ya kufika Lamu (msicheke), lakini nilimweleza mama mmoja wa Kanada jinsi ya kupanda matatu hadi Naivasha bila kupandishiwa nauli. Baada ya wiki tatu alirudi kuniambia kwamba alifika salama, na kwamba makanga alimkumbusha mahali pa kushuka. Jamani, nilifurahi kuliko siku programu yangu ya kwanza ilipokubali kufanya kazi.

Mwaka 2020, corona ilipozuia safari, baraza lilifungwa, na halikufunguliwa tena. Nami ninayewahubiria wateja bekapu kila siku sikuwa nimehifadhi hata jibu moja! Nimepekua Wayback Machine usiku kucha. Kurasa kadhaa zimo, ila ya yule mama sijaiona.

Kama uliandika pale ukahifadhi chochote, tafadhali niandikie.